Ulimi Hauna Mfupa, Taya Linao

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba ulimi hauna mfupa. Kwa usemi huo walimwonya mropokaji, kwani kiungo kisicho na mfupa hupinda upande wowote kinakotaka. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo methali hiyo haikulitaja. Ulimi usio na mfupa hukaa katika nyumba ya mfupa, na nyumba hiyo ni taya. Nyumba ikiingia ufa, mpangaji naye hana raha. Haya aliyajua kwa uchungu mwalimu mmoja mstaafu wa mji wa Voi, mwanamke aliyefundisha Kiswahili katika shule za upili tangu mwaka 1974 hadi 2005.

Vizazi vingi vya wanafunzi humkumbuka kwa somo la sauti za lugha. Kila mwaka alisimama mbele ya Kidato cha Kwanza, akaweka kiganja chini ya kidevu, akawaamuru wanafunzi nao wafanye vivyo hivyo, kisha watamke kwa pamoja: baba, mama, papa. "Mmehisi?" aliwauliza. "Taya la juu limetulia kama mzee barazani. Taya la chini ndilo linalotumwa." Hakuna aliyetoka katika darasa hilo bila kujua tofauti baina ya ala tuli na ala sogezi. Aidha, alikuwa na wasia mmoja aliourudia kila msimu wa mitihani hadi wanafunzi wakawa wanaumalizia wenyewe: "Soma maagizo kwanza. Anayejibu kabla ya kusoma maagizo amejifelisha mwenyewe."

Mwaka 2010, miaka mitano baada ya kustaafu, mwalimu huyo aliteleza kwenye ngazi za kanisa akajikinga kwa mkono wa kulia. Kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa kutisha. Mtoto angeinuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na mchezo. Hata hivyo, mfupa wa mkono wake ulivunjika karibu na kiwiko cha kiganja, mahali pawili. Daktari wa mifupa aliyemtibu jijini Mombasa hakuridhika kumfunga plasta na kumwacha aende zake. Aliagiza kipimo cha uzito wa mifupa, na majibu yalipokuja akamweleza kwamba mifupa ya nyonga na ya uti wa mgongo ilikuwa imepungukiwa na madini. Kwa nje ilionekana mizima. Kwa ndani ilikuwa na matundu kama mkate uliochacha. Maradhi hayo madaktari huyaita osteoporosisi.

Ili kuyaelewa maradhi haya, yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba mfupa ni kitu kilichokwisha kujengwa, kama nguzo ya zege. Mfupa ni mtaa wenye mafundi wasiolala. Kuna seli zinazobomoa mfupa uliochakaa, nazo ni osteoklasti, na kuna zinazojenga mpya mahali palipobomolewa, nazo ni osteoblasti. Kila mwaka takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Katika ujana, wajenzi huwazidi wabomoaji. Umri unaposogea, mizani hugeuka. Kwa mwanamke hugeuka kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikiwatuliza wabomoaji, hupungua ghafla. Wabomoaji huendelea na kazi yao huku wajenzi wakiachwa nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwili wa uzeeni hushindwa hata kuuziba ufa.

Dawa aliyoandikiwa iliitwa alendroneti, ya kundi linaloitwa bisfosfoneti. Nchini Marekani dawa hii iliruhusiwa kutumiwa kutibu osteoporosisi mwaka 1995. Kazi yake ni kujibandika kwenye madini ya mfupa na kumsubiri mbomoaji. Osteoklasti ikija kuumega mfupa, humeza dawa pamoja na mfupa, ikadhoofika na kufa. Ubomoaji hupungua, nao wajenzi hupata nafasi ya kupumua. Faida yake si ya kubahatisha. Katika utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1996, uliowahusisha wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa wamevunjika pingili za uti wa mgongo, dawa hiyo ilipunguza kwa takriban nusu idadi ya waliovunjika pingili nyingine au nyonga. Mtu mzee anayevunjika nyonga huenda asitembee tena peke yake, na wengine hawauoni mwaka unaofuata. Kwa hivyo, kidonge hicho si cha kudharauliwa.

Kidonge chenyewe, cha miligramu 70, kilimezwa mara moja kwa juma, nacho kilikuwa na masharti kama ya mganga. Kimezwe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa. Baada ya kukimeza, mtu asilale wala kuinama kwa nusu saa, kisije kikakwama na kuunguza umio. Mwalimu alichagua siku ya Jumapili. Aliamka kabla ya jua, akameza, akaketi wima kwenye kiti cha mbao akiusikiliza mji ukiamka. Wajukuu walijua kwamba nusu saa ile Nyanya hasemeshwi. Nyumbani wakakibatiza "kidonge cha Jumapili", na jina hilo likashika.

Ndani ya kila pakiti mlikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi ya Kiingereza madogo kama chungu wa sukari. Mwalimu aliikunjua mara moja, akatafuta miwani, akasoma mistari michache, kisha akaikunja tena na kuitumia kama alama ya ukurasa katika kitabu chake cha nyimbo. Yeye aliyewaasa maelfu wasome maagizo kwanza hakuyasoma. Lakini kumlaumu yeye peke yake si haki. Karatasi ile haikuandikwa kwa lugha ya nyumbani kwake, haikuandikwa kwa herufi za macho ya miaka 60, na hakuna mtu, si daktari wala muuza dawa, aliyeketi naye kumfafanulia.

Miaka ikapita. Daktari aliyemwanzishia dawa alihama. Cheti chake kikawa kinanakiliwa tu kutoka mwaka hadi mwaka, na duka la dawa likaendelea kumuuzia. Mkono haukuvunjika tena. Mgongo ukabaki umenyooka. Mwalimu aliamini kwamba kidonge kinamfaa, na kwa kweli kilikuwa kinamfaa. Asichokijua ni kwamba dawa hii haipaswi kutumiwa milele bila kuangaliwa upya. Baada ya miaka mitano hivi ya vidonge, au mitatu ya ile inayotiwa mshipani mara moja kwa mwaka, daktari hutarajiwa kupima tena na kuamua kama mgonjwa aendelee au apumzike. Kwa kuwa dawa hukaa ndani ya mfupa kwa miaka mingi, anayepumzika haachwi mikono mitupu mara moja. Kinga hubaki kwa muda. Mwalimu alifika mwaka wa nane bila kuitwa na yeyote.

Mwezi wa Machi 2018 gego lake moja la chini, upande wa kushoto, lilianza kumnyima usingizi. Alikwenda katika kliniki ya meno iliyokuwa karibu. Daktari wa meno, mtu mpole mwenye haraka, alimuuliza swali lililo sahihi: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mwalimu akajibu bila kusita, "Ya presha tu." Hakusema uongo. Akilini mwake dawa ilikuwa kitu cha kutibu ugonjwa unaouma, na mifupa yake haikuwa ikiuma. Kile kingine kilikuwa kidonge cha Jumapili. Jina la mapenzi lilikuwa limeificha dawa hata kwa mwenyewe. Wasemao kwamba mficha maradhi kilio humfichua humfikiria mtu anayeficha kwa kusudi. Hapa aliyeficha hakujua kwamba anaficha. Gego likang'olewa kwa ganzi, akapewa pamba ya kuuma na dawa ya maumivu, akarudi nyumbani kwa miguu.

Pengo la jino lililong'olewa huanza kufunikwa na ufizi mnamo majuma machache. Lake halikufunikwa. Juma la tatu lilikuwa bado wazi. Juma la tano harufu mbaya ilianza kumtoka kinywani, naye akaanza kuongea akiwa ameweka leso mdomoni. Alirudi kliniki mara mbili. Mara zote mbili alipewa viuavijasumu, usaha ukapungua, kisha ukarudi. Alipopitisha ncha ya ulimi kwenye pengo alihisi kitu kigumu chenye makali, akadhani ni kipande cha jino kilichosahauliwa. Hakikuwa jino. Kilikuwa taya lenyewe, limevuliwa nguo.

Lililomtia hofu kuliko usaha ni mdomo wa chini. Upande wa kushoto uliingia ganzi isiyoisha, kana kwamba sindano ya Machi haijamtoka. Chai ilimchuruzika bila yeye kuhisi. Vipasuo vya midomo vilimponyoka. Alipotaka kusema "baba", mdomo mmoja ulifika na mwingine ukachelewa. Vikwamizi vya f na v vikawa pumzi tupu. Jumapili moja kanisani alipewa somo la kusoma kama ilivyokuwa desturi, akasimama, akasoma aya mbili, akaona watoto wa mstari wa mbele wakitazamana. Aliifunga Biblia, akarudi kuketi. Kwa mtu aliyekula mkate wake kwa matamshi safi kwa miaka 31, hilo lilikuwa pigo ambalo kuvunjika mkono hakukulifikia hata kidogo. Alianza kujibu simu kwa ujumbe mfupi.

Mwezi wa Julai binti yake alimpeleka Nairobi. Huko, katika kiti cha pili alichokalia siku hiyo, alikutana na daktari kijana wa upasuaji wa kinywa ambaye alimtazama usoni kabla ya kumtazama kinywani, kisha akasimama. Alikuwa mwanafunzi wake. Baada ya salamu na shikamoo, kijana alichungulia, akanyamaza kwa muda, ndipo akauliza. Hakuuliza kama anatumia dawa yoyote. Aliuliza, "Mwalimu, je, umewahi kupewa dawa ya mifupa? Kidonge unachomeza mara moja kwa juma, kisha huruhusiwi kulala?" Binti na mama wakatazamana. "Kidonge cha Jumapili," wakasema kwa pamoja.

Hali iliyompata ina historia fupi na historia ndefu. Ile fupi ilianzia Marekani. Mwaka 2003, Robert Marx, daktari wa upasuaji wa kinywa huko Miami, alitangaza visa 36 vya wagonjwa ambao mifupa ya mataya yao ilikuwa imefichuka na kufa wakiwa wanatumia bisfosfoneti. Mwaka uliofuata, Salvatore Ruggiero na wenzake walieleza visa 63. Wengi wao, 56, walikuwa wagonjwa waliotiwa dawa hizo mshipani kwa sababu ya saratani. Saba tu walikuwa watumiaji wa vidonge kwa muda mrefu. Tangu hapo madaktari wakakubaliana juu ya vigezo: mfupa wa taya uwe wazi kwa zaidi ya majuma manane, mgonjwa awe anatumia au amewahi kutumia dawa za aina hiyo, na taya lisiwe limewahi kuchomwa kwa mionzi. Mwaka 2014 jina la ugonjwa lilipanuliwa kwa kuwa ilibainika kwamba dawa nyingine pia huweza kuuleta, miongoni mwazo denosumabu, sindano inayodungwa kila baada ya miezi sita.

Historia ndefu inawahusu wasichana wa viberiti. Katika karne ya 19, viwanda vya viberiti barani Ulaya vilitumia fosforasi nyeupe. Wafanyakazi walioivuta pumzini waliumwa na meno, kisha mataya yao yakavimba, yakatoa usaha na kufa. Daktari mmoja wa Vienna, Lorinser, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1845. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant and May mjini London waligoma kwa ajili ya ujira, faini na mazingira ya kazi, na mgomo wao ukasaidia kuufichua ugonjwa huo machoni pa umma. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku fosforasi nyeupe ulitiwa sahihi mjini Bern mwaka 1906. Takriban karne moja baadaye, dawa zenye fosforasi katika muundo wake zilimrudisha daktari wa meno kwenye taya lilelile. Tofauti ni kubwa, bila shaka: fosforasi ya kiwandani ilikuwa sumu isiyomfaa aliyeivuta, ilhali dawa hii humfaa anayeitumia.

Yumkini msomaji atauliza: kwa nini taya, ilhali mwili una mifupa zaidi ya 200? Jibu ni kwamba taya halina makazi kama ya mifupa mingine. Paja limefunikwa na misuli minene, lakini taya limefunikwa na ufizi mwembamba tu, tena ufizi wenyewe umetobolewa na meno. Kinywa kimejaa bakteria usiku na mchana. Kutafuna hulitesa taya kila siku, na kwa sababu hiyo mfupa wake hutegemea sana kubomolewa na kujengwa upya. Wabomoaji wakizimwa kwa muda mrefu, jeraha la jino lililong'olewa hukosa mafundi wa kuondoa kifusi. Bakteria hukuta kifusi, wakafanya makao. Taya la chini ndilo huathirika zaidi kuliko la juu. Lile linalotumwa, kama alivyokuwa akisema mwalimu, ndilo linaloumia.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Kijana hakukimbilia kisu, kwani kuuchokoa mfupa wa namna hiyo ovyo huweza kuongeza jeraha. Alimpa maji ya kusukutua yenye klorheksidini, viuavijasumu vilivyochaguliwa baada ya usaha kupimwa, na ratiba ya kumwona kila mwezi. Aliwasiliana na daktari wa mifupa, nao wakakubaliana kwamba baada ya miaka minane kidonge cha Jumapili kingeweza kusimamishwa na mifupa ipimwe upya. Mwezi wa Februari 2019 kipande cha mfupa mfu kilikuwa kimeanza kujitenga na ulio hai. Kikaondolewa kwa upasuaji pamoja na meno mawili yaliyokuwa yamelegea, na ufizi ukashonwa juu ya mfupa uliobaki. Kufikia katikati ya mwaka huo ufizi ulikuwa umefunga. Ganzi ya mdomo ilipungua, lakini haikuondoka yote. Alipoulizwa kama angependa meno ya bandia, mwalimu alicheka kwa upande wake mzima akasema, "Jino la pembe si dawa ya pengo. Tuliache taya lipumzike."

Laiti kisa kingekomea hapo, kingekuwa kisa cha mgonjwa aliyepona. Lakini habari za taya la mwalimu zilikuwa zimetangulia kufika kanisani, na zilifika nusu. Nusu iliyofika ilisema kwamba kuna kidonge cha mifupa kinachoozesha mataya. Miongoni mwa waliosikia alikuwa jirani yake, mjane mwenye umri wa miaka 74 aliyeanzishiwa kidonge hichohicho miezi mitatu kabla, baada ya pingili zake mbili kubonyea. Alikwenda nyuma ya nyumba akavitupa vidonge chooni. Hakumwambia daktari. Mwishoni mwa mwaka 2019 alijikwaa kwenye mkeka, akavunjika nyonga. Hakuna awezaye kuapa kwamba kidonge kingemwokoa. Dawa hupunguza hatari, haiifuti. Lakini mwalimu alipomtembelea hospitalini na kumwona amefungwa uzito mguuni, mjane alimshika mkono akamwambia, "Nilipoliona lako, niliogopa." Mwalimu alirudi nyumbani bila neno. Mdomo wake ulikuwa umepata nguvu ya kusema, na bado hakuwa amesema lililopaswa kusemwa.

Usiku huo alikitafuta kitabu cha nyimbo, akaitoa ile karatasi, akaikunjua yote mezani, akavaa miwani. Onyo lilikuwemo. Lilikuwemo kwa Kiingereza, katikati ya maonyo mengine mengi, kwa herufi za chungu. Akachukua kalamu nyekundu, kama aliyekuwa akisahihisha insha, akaanza kuliandika upya kwa Kiswahili.

Kazi hiyo ilimtoa jasho kuliko alivyotarajia. Kwanza alitohoa: osteonekrosisi ya taya. Akalisoma kwa sauti, akajiuliza ni nani pale kanisani angelichukua hadi nyumbani. Akajaribu "taya mfu", akaona linatisha na tena linadanganya, kwani si taya zima lililokufa. Akajaribu "kuoza kwa taya". Hilo alilifuta mara moja, kwa sababu watu wangelichanganya na kuoza kwa meno, wakadhani kupiga mswaki pekee kunatosha kuwa kinga, na zaidi ya hayo lilikuwa ndilo neno la uvumi uliomvunja jirani yake. Hatimaye akaandika "kufa kwa kipande cha mfupa wa taya". Ni maneno mengi mahali pa moja, lakini kila moja linafanya kazi: kipande, si zima, mfupa, si jino, taya, si mwili mzima. Wanaisimu huweza kubishana kama hilo ni istilahi au ni maelezo. Kwa bibi anayepokea pakiti dirishani pa duka la dawa, ubishi huo hauna uzito. Neno lililo bora kwake ni lile litakalomjia akilini siku daktari wa meno atakapomuuliza swali.

Pili alitafuta mizani. Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa kinywa, katika waraka wake wa mwaka 2022, kinakadiria kwamba miongoni mwa watumiaji 10,000 wa bisfosfoneti kwa ajili ya osteoporosisi, wanaopatwa na kufa kwa mfupa wa taya ni wawili hadi watano. Kwa wagonjwa wa saratani, wanaopewa dozi kubwa tena mara nyingi, hatari ni kubwa zaidi kwa mbali. Takwimu hizo hazikuwa zimetolewa alipoanza kuandika, lakini madaktari wake wawili walikuwa wamekwisha kumweleza kwamba kisa chake ni cha nadra, na kwamba kuvunjika nyonga si kwa nadra. Mwalimu alijua kuwa kwa yule mmoja anayepatwa, unadra si faraja. Hata hivyo alikataa kuandika onyo lenye nusu moja. Nusu moja ilikuwa imekwisha kumlaza mtu hospitalini.

Karatasi aliyoimaliza Januari 2020 ilikuwa na upande mmoja tu, kwa herufi kubwa. Iliwaambia wasomaji wake mambo machache. Kabla ya kuanza dawa ya mifupa, mwone daktari wa meno. Jino lililooza la kung'olewa ling'olewe kwanza, na pengo lipone. Ukishaanza, piga mswaki, na uangaliwe kinywa mara kwa mara. Meno ya bandia yakikuchubua, usivumilie. Kila unapokwenda kutibiwa jino, taja dawa yako kwa jina lake lililoandikwa kwenye pakiti, si kwa jina la nyumbani. Taja hata kama uliiacha miaka iliyopita. Ukiona mfupa kinywani, au pengo lisilofunga, au mdomo ulioingia ganzi, usingoje. Baada ya miaka mitano muulize daktari kama ni wakati wa kupumzika. Na usiache dawa mwenyewe kwa hofu. Anayedungwa sindano ya kila miezi sita asiikose bila ushauri, kwani ikikatizwa ghafla mifupa huweza kudhoofika kwa kasi na pingili kuvunjika.

Chini kabisa aliongeza sentensi moja, iliyopigiwa mstari: "Dawa hii imemsaidia mwandishi wa karatasi hii, na imemuumiza, yote mawili ni kweli."

Karatasi ilibandikwa katika duka la dawa, karibu na dirisha la malipo. Mmiliki alikubali baada ya yule kijana wa Nairobi kuikagua na kutia sahihi. Ni kipande cha karatasi tu, tena kimoja, katika mji mmoja. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, nayo Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Ibara hizo mbili zingepaswa kukutana ndani ya kila pakiti ya dawa. Mpaka zikutane, kazi ya kuzikutanisha itabaki mikononi mwa watu kama mwalimu huyo, na mikononi mwa wale wanaosomea lugha hii vyuoni na kuulizwa kila siku shahada yao itawafaa nini.

Jirani mjane alianza kutembea kwa fimbo baada ya miezi mingi, na alirudi kwa daktari akaanzishiwa matibabu upya, safari hii baada ya kukaguliwa kinywa. Mwalimu naye alialikwa na mwalimu wa Kiswahili wa shule aliyostaafia, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aje azungumze na Kidato cha Kwanza. Alisita kwa ajili ya f na v zake, kisha akaenda. Alisimama mbele ya darasa, akaweka kiganja chini ya kidevu, akawaamuru wafanye vivyo hivyo. Baba, mama, papa. Upande wa kushoto wa mdomo ulichelewa kidogo, kama mzee anayepanda ngazi, lakini ulifika. Wanafunzi hawakucheka. Mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono, akauliza ni kwa nini mdomo wake unasogea hivyo.

Mwalimu akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye herufi ndogo kama chungu wa sukari, akampa yule mtoto.

"Kwa sababu," akasema, "sikusoma maagizo kwanza. Sasa nisaidie kuyasoma, kisha utuambie kwa Kiswahili yanasema nini."